Atamlipa Nani? Miaka Yangu kwenye Dawati la Fedha za Kigeni, Migori

Mzee Chacha alikuwa na pesa zote za kumpasua bintiye moyo, amezifunga kiunoni, na bado walikaa siku nne katika jiji moja la India bila daktari kumgusa mtoto. Hakuibiwa. Hakupungukiwa na kitu. Alikuwa amebeba shilingi za Kenya, na aliyemwambia hilo halina shida nilikuwa mimi, karani wa dawati la fedha za kigeni katika tawi la benki mjini Migori.

Siku yangu ya kwanza pale sikupewa kiti nyuma ya kaunta. Msimamizi wa dawati, ambaye sote tulimwita Madam, alinikalisha kwenye benchi la wateja na kuniambia nisikilize hadi saa sita. Nilikuwa nimetoka Awendo, binti wa mpima miwa wa kiwandani, nina cheti kipya na sketi iliyopigwa pasi mara mbili. Niliona kama ameniadhibu. Saa sita ilipofika aliniuliza nimesikia nini. Nikamtajia nchi: mmoja anaenda Dubai, mwingine Uganda, padri anaenda Roma.

"Hizo ni nchi," akasema. "Nchi hailipwi, Nyar Awendo. Wewe uliza atamlipa nani."

Nyar Awendo, yaani binti wa Awendo, ndilo jina aliloniita hadi mwisho.

Swali hilo ndilo lililokuwa kazi yetu. Mteja akisema atailipa hospitali au chuo, Madam alimshauri atume pesa moja kwa moja, kutoka benki hadi benki, kabla hajapanda ndege, kisha asafiri na karatasi ya kuthibitisha. Kama ni hoteli, kadi. Kama ni dereva wa teksi au mama wa chakula, noti: dola mpya, zisizo na mkunjo wala maandishi ya kalamu, kwa sababu huko mbele noti iliyochakaa hukataliwa. Miaka ile tulikuwa bado na hundi za wasafiri. Mtu alitia sahihi kila moja mbele yetu, kisha akaitia tena mbele ya anayemlipa, na zikipotea alirudishiwa thamani yake. Madam alizipenda. Zilipoanza kukataliwa madukani aliacha kuziuza kabla makao makuu hayajasema lolote, maana wateja waliorudi walikuwa wamemweleza. Kila aliyerudi safari alimkalisha na kumuuliza alilipa nini na kwa njia gani, akaandika katika daftari la jalada jeusi, palepale alipoandika kila anayeondoka, aendako na njia yake ya kulipa. Sijaona mtu mwingine ofisini aliyejifunza hivyo kutoka kwa wateja wake.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa mbali huenda halijui. Sisi watu wa Migori tulijifunza ng'ambo kupitia Sirare. Unatoka Isebania, unavuka mpaka, na upande wa Tanzania shilingi ya Kenya inapokelewa kama ndugu wa mama. Unanunua mchele, unarudishiwa chenji ya kwao, na hakuna anayeshangaa. Tena wabadilishaji wa mpakani hukupa bei nzuri ukishavuka kuliko utakayopewa benki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya hivyo wikendi nikienda kununua vitenge.

Mzee Chacha alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka upande wa Kehancha, mtu wa kuvuka Sirare tangu ujana. Alikuja siku ambayo Madam alikuwa mkutanoni Kisumu. Aliniambia binti yake Robi, wa miaka kumi na mmoja, ana tundu kwenye moyo, na kanisa na ukoo wamechanga hadi zikatosha. Alitazama ubao wetu. Ulikuwa na bei mbili: ile ya benki kununua dola kwako na ile ya kukuuzia, na tofauti kati yake ndiyo riziki ya benki. Siku hiyo tofauti ilikuwa kubwa.

"Dada, hii bei yenu imekaa vibaya," akasema. "Nibadilishie ya chakula na teksi. Hizi zingine nitabadilishia huko huko, kama Sirare."

Nikamjibu, "Ni sawa, Mzee. Ukivuka utapata bei nzuri."

Sikumuuliza atamlipa nani. Nilimjazia fomu ya kutangaza pesa uwanja wa ndege, nikamtakia safari njema.

Simu yake ilikuja wiki iliyofuata. Alisema wameingia vibanda vya kubadilisha pesa hadi miguu imevimba, na kila mahali noti yetu inageuzwa mbele na nyuma, inatazamwa wanyama waliochorwa juu yake, inarudishwa. Hospitali ilitaka amana kabla ya kumlaza mtoto. Daktari alikuwa amewapa nafasi ya upasuaji Jumatatu. Wakiikosa, wangesubiri majuma mengi, na midomo ya Robi ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Dada, niko na pesa," aliniambia polepole, kama mtu anayeeleza kitu kwa mara ya mia. "Waambie niko na pesa."

Nilikwenda kwa Madam nikamweleza. Akauliza ni nani aliyemruhusu mzee aondoke hivyo. Nikasema ni mimi, nikaanza kulia.

"Kaa chini," akasema. "Kwanza mtoto apasuliwe. Halafu nitakugombeza."

Akafungua daftari jeusi. Kidole chake kilishuka ukurasa mmoja, wa pili, kikasimama. Mama Atieno wa Kendu Bay, muuzaji wa nguo, alikuwa katika jiji lile lile kununua mzigo, na alisafiri na kadi yetu. Madam alimpigia. Hakumtajia jina la mtu. Alisema tu kuna mwenzetu aliyekwama hospitalini na shilingi zake, na je, yuko tayari kumlipia kwa kadi, naye apewe shilingi hizo mkononi kwa bei ya siku hiyo, asipate faida wala hasara? Nilisikia pembe za magari upande wa pili. Kisha Mama Atieno akacheka.

"Sasa mmenifanya tawi lenu la India," akasema. "Mtaniletea na kiti?" Halafu akaongeza, bila kucheka, "Ni mtoto wa miaka mingapi?"

Kadi ina kiwango cha siku, kiasi ambacho haiwezi kukivuka hata kama akaunti imejaa. Amana ilikizidi. Madam alipiga Nairobi, idara ya kadi, akaombwa barua. Akaiandika kwa mkono, akaituma kwa faksi, akasimama kando ya mashine hadi jibu lilipotoka. Ijumaa hiyo Mama Atieno aliacha mizigo yake kwa wakala, akaenda hospitalini, akalipa. Mashine ilimuuliza kama anataka kukatwa kwa shilingi au kwa pesa ya pale. Madam alikuwa amemwonya: chagua pesa ya pale, kwa sababu ukichagua ya kwenu, mwenye mashine hujiwekea bei yake. Ushauri huo bado ni mzuri, nanyi vijana mnaolipa kwa kugusisha simu mwufuate.

Robi alipasuliwa Jumatatu. Mzee Chacha alipiga simu jioni, akampa nesi simu aseme kwa niaba yake.

Walirudi mtoto akitembea. Mzee alituletea mbuzi hadi mlango wa benki, askari akagoma kumwingiza, na Madam akatoka nje kumpokea barabarani kwa heshima zote.

Kunigombeza hakukuja. Alinirudisha kwenye benchi la wateja kwa asubuhi tatu, basi.

Makao makuu yalitaka maelezo kuhusu ile barua ya kiwango cha kadi. Aliyaandika mbele yangu, na nilisoma sentensi moja: "Ushauri ulitolewa na dawati langu." Jina langu halikuwamo. Wiki chache baadaye alipata barua ya uhamisho kwenda Nairobi, ghala la kumbukumbu za zamani, mahali pasipo na mteja hata mmoja. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Meneja wa tawi alituambia uhamisho huo ulikuwa umepangwa kitambo. Karani mkuu alisema kuna mtu aliyelalamika kwamba benki imefichua safari ya mteja kwa mteja mwingine. Wote wawili walisema kwa uhakika.

Mimi nilipewa dawati lake, baadaye nikapelekwa Homa Bay, nikawahudumia wauza samaki na madaktari waliokwenda kusoma. Nilikuwa na wakuu wazuri, hasa meneja mmoja aliyejua jina la kila mfagizi. Lakini hakuna aliyekaa na mteja aliyerudi safari ili amsikilize alivyolipa. Hilo nililifanya mwenyewe hadi siku niliyokabidhi funguo. Kila msafiri alitoka kwangu na njia mbili za kulipa, moja mfukoni na nyingine mbali na mfuko huo, baada ya kunijibu atamlipa nani.

Nilipostaafu nilimtafuta Madam kwa simu. Nikamwambia nimekuwa nikitaka kumuuliza kuhusu ule uhamisho.

"Yule mtoto yuko aje?" akaniuliza.

Nikamwambia Robi ni mwalimu, ana watoto wawili. Akasema vizuri, kisha akauliza kama mvua imefika Awendo.

Barua ile ya uhamisho ilikuwa na tarehe juu, upande wa kulia. Nilikuwa nimekaa mkabala naye alipoifungua, na sikuthubutu kuangalia. Kama iliandikwa kabla ya simu ya Mzee Chacha au baada yake, sijui hadi leo.