Kipande cha Kitambaa kwenye Lalamiko la Saba

Shangazi yangu hajui kutulia. Mumewe humwita Feni, na hata akiitwa huitika akiwa tayari yuko chumba kingine. Ni fundi cherehani, nami ni msaidizi wake mwaka wa sita sasa. Nimemwona akipinda suruali huku akigombana na mteja wa gauni. Kwa hiyo zahanati yetu ilipoambiwa iunde bodi ya kusikiliza malalamiko ya wagonjwa, na mkutano wa mtaa ukamchagua yeye awakilishe wananchi, nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye na vikao wapi na wapi!

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kanuni na muhuri. Walitundika sanduku la malalamiko karibu na dirisha la dawa. Wiki tatu zikapita, na ndani mkapatikana karatasi moja tu ya peremende. Shangazi akachemka.

"Watu wanaogopa," aliwaambia kikaoni. "Mtu akulalamikie leo, halafu kesho akupe mkono umchome sindano? Wewe ungeweza?"

Wakakubaliana barua zisiwe na majina, ziwe na namba tu. Lakini mwenye barua angejulikanaje akija kuchukua jibu lake? "Hilo niachieni mimi," akadakia Shangazi.

Dukani kwetu kila nguo ina alama yake. Tunachukua kipande cha kitambaa, tunakiandika namba, tunakikata katikati kwa mshazari. Nusu inabanwa kwa pini kwenye nguo, nusu anaondoka nayo mteja. Akirudi, vipande vikikutana sawasawa, nguo ni yake. Basi na barua zikawa hivyohivyo. Watu walizileta dukani zikiwa zimefungwa ndani ya nguo za kushonwa, na Shangazi akazibana vipande kwa pini moja baada ya nyingine, kichwa juu kwa fahari.

Ya saba ililetwa na mama mmoja kijana. Binti yake wa miaka mitano alikuwa ameungua mguu kwa maji ya moto, na kidonda kilitakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja. Muuguzi wa chumba cha vidonda alimwambia "njoo kesho" mara mbili. Alipouliza sababu, akafokewa mbele ya foleni nzima kwamba mama asiyeweza kuchunga sufuria hana haki ya kuharakisha watu. Shangazi alisoma huku miguu ikicheza chini ya meza. Akatia mkono kwenye mfuko wa mabaki, akachomoa kitambaa, akaandika saba, akakata, akabana. Mimi nilikuwa pale pale na sikuona kitu.

Siku ya kikao muuguzi akaitwa ajibu. Alipewa barua asome, hakufika hata mstari wa pili. Aliangalia kile kitambaa, maua ya zambarau, akasema, "Aa, kumbe ni yule wa gauni la zambarau."

Gauni lile la yule mama tulilishona sisi, mwezi uliotangulia, na kitambaa kilikuwa baki lake. Mtaani lilikuwa moja tu.

Shangazi alirudi dukani akazunguka meza kama mara kumi. "Nimemuuza, mwanangu," akasema. "Nimemuuza kwa mkono wangu mwenyewe." Nilikasirika naye, nikajikasirikia na mimi.

Siku ya kusafisha kidonda yule mama hakuonekana zahanati. Iliyofuata pia hakuonekana. Tulikwenda kwake mara tatu, na mara ya tatu mlango ukafunguka kidogo.

"Fundi, niache. Namwosha mwenyewe kwa maji ya chumvi."

Harufu ya kile kidonda ilitufikia tukiwa nje.

"Kosa ni langu," Shangazi akasema. "Nichukie mimi. Mtoto mlete. Nitakusemea mbele yao wote."

"Kweli utanisemea?"

"Nitakusemea."

Akaandika lalamiko la nane, akilalamikia mjumbe wa bodi aliyetoa siri ya mgonjwa. Chini akaweka jina lake kamili. Siku ya kikao yule mama akaja na mtoto mgongoni.

Mwenyekiti aliisoma barua, akavua miwani. "Kanuni unaijua. Mjumbe anayelalamikiwa anatoka nje."

"Niondoeni kwenye ya nane. Ya saba niacheni niseme!"

"Ni shauri moja hilo. Toka, tafadhali."

Nilitamani kumrushia ule muhuri wake. Yule mama, aliyekuwa akingoja nje, alimtazama Shangazi akitoka. "Ulisema utanisemea," akasema taratibu, kisha akamshusha mtoto mapajani mwangu, akaingia peke yake.

Tulikaa barazani, nje ya chumba cha kikao, yaani mimi na mtoto tulikaa. Shangazi alikwenda na kurudi, akabandika sikio mlangoni. "Hasikiki! Paza sauti, mama, paza!" Nilimvuta nguo, akanipiga kofi mkononi.

Halafu sauti ikaja, hata mtoto akainua kichwa.

"Sufuria ilikuwa yangu, ndiyo! Sikuja hapa kusema mimi ni mama mzuri. Nimekuja kusema mguu wa mwanangu ulikaa siku nne haujaguswa, na nyinyi mlikuwepo!"

Kiti kikasogezwa.

Muuguzi ndiye aliyetoka kwanza. Hakututazama. Alikwenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa muda mrefu, akarudi na trei, akachuchumaa mbele ya mtoto. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kifua.

"Utaniumiza?" mtoto akauliza.

Muuguzi akaiweka trei chini.

"Ndiyo," akasema. "Leo itauma, kwa sababu nilikuchelewesha."

Mtoto akamtazama mama yake, kisha akanyoosha mguu.