Betri ya Kamera ya Baba

Kwa miaka mingi nilikana kwamba sisikii vizuri, mwanangu, na nilikana kwa ufasaha wa mtu aliyesoma chuo kikuu. Wanafunzi wangu walikuwa wanameza maneno. Mtandao wa simu ulikuwa mbovu kule mlimani. Mama alikuwa anaongea huku ameelekeza uso kwenye mafiga. Kila mtu alikuwa na kasoro isipokuwa masikio yangu.

Leo nakubali, na nimechoka kiasi kwamba hata aibu imenipungua. Nakubali kwa sababu wewe umeniuliza jambo jingine kabisa: ile kamera ya mkanda uliyoiokota kwenye mitumba, kipima mwanga chake hakiamki, na betri yake haipatikani tena. Nitakujibu. Ila kwangu mimi mambo haya mawili yalikuja pamoja, kwa hiyo nivumilie.

Siku tulipomaliza matanga ya baba kule Kibosho, kaka yangu alichukua redio, mimi nikachukua kamera. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki, na hizo ziliachwa kutengenezwa kwa sababu ya sumu. Nikashuka hadi soko la Pasua mjini, nikapata betri ya saa iliyoingia bila kulazimishwa. Sindano ya kipima mwanga ikapanda, nami nikajiona fundi. Kumbe betri ile ina nguvu kuliko ya zebaki, kwa hiyo kamera ilidhani kuna mwanga mwingi kuliko uliokuwapo. Nilipiga mkanda mzima kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Picha zilipotoka, magauni meupe yalikuwa ya kijivu na nyuso hazikuonekana kabisa. Mama wa mtoto alizitazama kwa upole, akaniuliza kama siku ile kulikuwa na mvua.

Mzee Kanji, mwenye duka la saa na kamera mjini Moshi, alipozitazama alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia nitafute betri za mashine ya kusikia. Nguvu zake zinakaribiana na za zebaki, na hazishuki kidogo kidogo, zinakwenda sawa mpaka zife. Unabandua kistika, hewa inaingia, unasubiri kidogo, betri inaamka. Ukishaibandua imeanza safari, uitumie usiitumie, na kurudisha kistika hakusaidii kitu. Kwa kuwa ni ndogo kuliko ile ya zamani, unaizungushia kipete cha mpira isicheze.

Nikaenda kwenye duka la dawa lililo karibu na hospitali. Binti wa pale aliniinamia, akapaza sauti.

"Mama, ni za sikio lipi?"

Nikamwambia ni za kamera. Akatabasamu kwa huruma.

"Sawa, mama. Baba yangu naye alisema ni za redio."

Niliudhika njia nzima. Sikutaka kukumbuka kwamba swali lake ilibidi alirudie.

Sasa sikiliza lililonileta hapa. Mama yangu alikuwa anataka picha moja: ile itakayobebwa mbele ya jeneza lake. Wazee wetu hawaoni vibaya kujiandalia. Picha za simu alizikataa, kwa kuwa wajukuu walishampiga moja wakamwekea masikio ya paka. Alitaka kamera ya baba, akae kwenye kiti kando ya kaburi la baba, pale kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Akanipigia simu kunipangia Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi. Sikusikia hata neno. Nikafanya nilivyozoea: "Ndiyo, Mama. Sawa, Mama."

Jumamosi hiyo nilikuwa Bomang'ombe kwenye harusi, naipiga picha nyama ya mbuzi. Mama alivaa kitenge chake kipya, akakaa kaburini mpaka ukungu ukashuka na jirani akamshika mkono kumwingiza ndani.

Kaka aliponipigia kutoka Dar es Salaam kuniuliza kwa nini sikutokea, nilimjibu bila kufikiri: Mama hakuniambia kitu. Ukweli ulikuwa rahisi, lakini ungenitaka nikubali masikio yangu. Kaka akasema basi Mama ameanza kuchanganyikiwa, haifai aishi peke yake, atakuja kumchukua ahamie Dar. Nikamwacha aseme. Wiki zikapita. Mama akaanza kujichunga. Akawa anauliza jambo lile lile mara mbili, kisha anaomba radhi. Anaingia jikoni, anasimama, anatoka. Mwanangu, mtu akiambiwa kwa upole na watoto wake mwenyewe kwamba akili yake inaondoka, ataamini.

Hatimaye nilikwenda kupimwa, si kwa ushujaa. Nilikuwa nimegonga gari la mtu aliyenipigia honi muda mrefu. Nikapewa mashine ya kukaa nyuma ya sikio. Betri yake ni ile ile ya kamera. Binti wa dukani alinihesabia chenji tu, na nilimshukuru kwa hilo.

Basi, jibu lako: tafuta betri za mashine ya kusikia, bandua kistika siku ya kupiga picha tu, na usidanganywe na betri inayoingia vizuri. Nasaha yangu ni hii: kama hukusikia, sema hukusikia. Inakugharimu aibu kidogo. Usiposema, gharama anailipa mtu mwingine, na mara nyingi ni yule anayekupenda kiasi cha kujishuku yeye kabla ya kukushuku wewe. Mungu akupe mwanga mzuri, na akupe watu wasiochoka kukurudia neno.

Nimalizie ya Mama: mchana mmoja, kaka akiwa ameshakata tiketi ya kuja kumchukua Mama, niliandaa kamera nipande Kibosho kesho yake. Betri ya sikio ilikuwa imekufa, dukani zimekwisha, na moja iliyobaki ilikuwa ndani ya kamera. Simu ikalia. Nilipoona ni Mama, niliitoa betri kwenye kamera, nikaitia kwenye mashine, nikapokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Naomba uniambie kweli kabla sijafunga mizigo. Ile Jumamosi nilikuambia, au nilidhani tu nimekuambia?"

"Uliniambia, Mama. Mimi ndiye sikusikia. Masikio yangu ni mabovu, siku nyingi."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa. Nilisikia hata kuku.

"Mwambie kaka yako."

"Nampigia sasa hivi. Na kesho nakuja na kamera, ila haina betri. Sina cha kupimia mwanga."

"Betri ya nini? Baba yako hakuwahi kuweka betri humo. Alikuwa anatazama juu, anakisia. Njoo, mwanangu. Mungu akubariki. Kitenge nimeshakipiga pasi."