Bafle Yenye Ilichoma Bila Kuran

Weye cheka kwanza. Ukimaliza, sikiliza, juu hii maneno sikuambiwa na mutu. Ilinipata mimi mwenyewe, hapa Bunia. Bibi yangu iko, Faustin elektrisien, fundi wa umeme, iko, unaweza kuwauliza.

Nilinunua gari ya zamani kwa mutu moja wa Ariwara. Nyuma, mahali pa mizigo, ilikuwa na bafle kubwa ya bas, spika ya sauti nzito, sanduku ya mbao yenye muziki yake ilitikisa hata vioo. Kazi yangu ni kubeba watu wa ndoa, na kwetu ndoa bila bas ni kama kilio.

Siku kidogo tu, bafle ikaanza kupata moto. Mwanzo tulifurahi. Mama Neema, bibi yangu, alikuwa anatandika nguo za mutoto juu yake wakati wa mvua, zinakauka mbio. Kisha nikasikia harufu ya plastike inaungua. Nikasema hapana, hii itaniunguzia gari. Nikaenda kwa Faustin, kule Nyakasanza.

Faustin haongei mingi, anagusa. Alifuata waya kuanzia batri mupaka nyuma, anatikisa kichwa. Waya yenye kuleta kuran, ni kusema umeme, ilikuwa nyembamba sana kwa ile ampli, mashine yenye kupatia bafle nguvu. Karibu na batri hapakuwa fizible, kale kauzi kenye kukatika umeme ikizidi. Waya ya masse, yenye kurudisha umeme ku chuma ya gari, walikuwa wameifunga juu ya rangi, haigusi chuma vizuri. Akabadilisha waya, akatia fizible, akakwangua rangi mupaka chuma ikang'aa. Tukapiga muziki wakati murefu. Ampli ikabaki baridi.

Bafle ilikuwa inachoma.

Akatoa fizible. Tukangoja. Inachoma tu. Akachomoa waya zote za bafle, kisha akatoa na batri, akaiweka chini. Niamini, ile sanduku ilibaki peke yake, haina hata uzi moja, na bado huwezi kuacha mukono juu yake.

Faustin akashika mukono wangu, akaupeleka upande yenye inaangalia kiti. "Gusa hapa. Sasa gusa pembeni."

Pembeni ilikuwa baridi. Moto ilikuwa mahali moja tu, pana kama mugongo wa mutu.

"Tuitoe leo," akasema.

"Kesho asubui. Mama Neema iko ananingoja ku hospitali na mutoto, na mvua inakuja."

"Basi usiwaweke nyuma."

Nilimusikia vizuri. Lakini kioo cha mulango wa mbele kilikuwa hakifungi, mvua inaingia, na mutoto wetu Neema alikuwa anakohoa. Sasa ningewaweka wapi? Walikaa nyuma. Batri tulikuwa tumeirudisha ku gari, lakini bafle tuliiacha bila waya.

Tulipofika barabara ya Mudzipela, giza ilikuwa inaanza, na mvua inapiga mupaka sioni mbele. Njo hapo nikasikia bas. Polepole, chini kabisa, kama moyo ya mutu. Bila waya, unasikia?

Nikaangalia mu kioo ya kuonea nyuma. Mama Neema alikuwa amelala, kichwa chini, Neema mu mikono. Nyuma ya kiti chake mwanamuke alikuwa amekaa, ameegemea bafle. Kikwembe yake, kitambaa ya kujifunga, ilikuwa inatiririsha maji. Naye alikuwa na mutoto, amemufunika uso.

"Papa," akasema, kwa sauti ya heshima, "usizime ule moto. Mutoto wangu hajakauka bado."

 Niliendelea kumuangalia mu kioo, gari inatembea.

Kisha akainamia bibi yangu. "Dada, nipatie na wako. Nitamupasha moto."

Na Mama Neema, macho yamefungwa, akamuinua Neema na kuanza kumupitisha juu ya kiti.

Nilifunga frein, gari ikasimama. Sijui nilifikaje nyuma. Nilishika mutoto kwa miguu, nikavuta, na kule upande ingine yule mwanamuke akavuta pia, si kwa nguvu, ila kama mutu mwenye anajua amepewa.

"Mama, huyu ni wangu," nikasema. "Tafazali. Huyu ni wangu."

Aliniangalia. Akaachilia.

Mama Neema akaamuka analia. Nyuma hapakuwa mutu. Lakini Neema alikuwa amelowana kuanzia nywele mupaka vidole, na ile maji ilikuwa inanuka matope ya mutoni. Tuliacha gari pale pale, tukakimbilia nyumba ya kwanza yenye taa.

Kesho yake nikapigia ule mutu wa Ariwara simu.  Akasema: wakati watu walikuwa wanakimbia vita kutoka Djugu, alibeba mama moja na mutoto wake mu ile gari. Walikuwa wamevuka mutoni Shari usiku, mu mvua. Mama alikuwa anatetemeka, akaomba akae karibu na bafle maana ilikuwa na moto kidogo. "Nikaongeza muziki," akaniambia, "ili ipate moto zaidi." Alipofika Bunia, wote wawili walikuwa wamekufa. Tangu siku ile hakuweza tena kuangalia mu kioo, njo sababu aliuza gari.

Faustin alitoa bafle. Siye tuliizika ku makaburi, na pasteur akaomba. Mama Neema alitia mu shimo blanketi mbili kavu, kubwa na ndogo.

Neema iko muzima, anakimbia. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubui tunakuta nywele zake zimelowana, na paa yetu haivuji. Mama yake anamupangusa.

Basi weye mwenye kununua gari ya zamani, usiulize tu kama motere inawaka, uliza na nani alikaa ndani. Bafle ikipata moto, angalia waya, angalia fizible, angalia masse. Lakini ukikata kuran yote na bado inachoma, usitafute tena waya. Toa mutoto mu gari kwanza.