Kutoka Makunduchi Kwenda Kusikilizwa Moyo

Nilikwenda mjini kwa sababu daktari wa kituo chetu cha afya alisikia mvumo kifuani mwangu, akanipa barua. Kazi yangu ni kubeba mapolo, magunia makubwa ya mwani. Niliogopa jambo moja tu: kuambiwa basi, usibebe tena. Nyumbani wenye mabega ni mimi na mama.

Alfajiri niliondoka Makunduchi na gari ya jirani inayopeleka nazi sokoni. Njia nzima mkono wangu ulikuwa kifuani.

"Umeficha nini humo?" jirani akaniuliza.

"Barua," nikasema.

Saa tatu nilifika Mji Mkongwe, kwenye chuo cha udaktari kinachoendeshwa na vyuo vikuu viwili, kimoja cha hapa na kimoja cha ng'ambo. Wanafunzi ndio wanaompokea mgonjwa. Walimu wawili, mwenyeji na mgeni, hukaa pembeni wakisikiliza.

Nilivua shati mbele ya wasichana, nikatazama feni. Mwanafunzi wa kwanza akauliza, "Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, nashukuru."

Mwalimu mgeni alipofasiriwa, akaitikia kwa kichwa. Nikafurahi, nikidhani yamekwisha, nikalivuta shati langu.

Ndipo Asya, mwanafunzi wa kutoka Fumba, aliposema, "Mwalimu, kwetu hata anayekata roho husema hajambo."

Mwalimu mwenyeji akacheka. Asya akanigeukia. "Ndugu yangu, adabu tumeiona, ahsante. Sasa nambie: polo la mwani kutoka pwani mpaka mnapoanika, unalitua mara ngapi?"

Nikatazama tena feni.

"Mara ngapi, kaka?"

"Zamani nilikuwa silitui. Sasa mara nne. Juzi nilianguka."

Wakanisikiliza kifua wote, mmoja mmoja. Kila aliyekunja uso alinizidishia hofu.

Adhuhuri mwalimu mwenyeji alinieleza kwamba kilango kimoja cha moyo hakifungi sawasawa. Nirudi wiki ijayo nipigwe picha ya moyo, kisha nianze dawa.

"Na mizigo?"

"Usibebe, mpaka tuione hiyo picha. Ungeondoka na sijambo yako, ungekwenda kuanguka usiinuke."

Alasiri nilikuwa nimesharudi. Pwani nilimkuta mama na mapolo mawili yanachuruzika maji. Haji, mchukuzi mwenzangu, akapiga kelele, "Bwana mkubwa wa mjini! Haya, inama nikutwike!"

Sikuinama. "Moyo wangu mgonjwa, Haji. Nimekatazwa."

Mama alinitazama. Akaizungusha kanga ikawa kata, akaiweka kichwani. Haji akamtwika polo moja, la pili akalichukua mwenyewe.

Nimejifunza kusema mapema. Kusimama chini pwani nikiwatazama wanapanda na mizigo kwenda kuanika, hilo bado sijajifunza.