Bima Imenifunga Mdomo Mbele ya Mjane wa Rafiki Yangu

Mhariri, tafadhali jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wanne, na kazi yangu ni kuuza kuni hapa Nakuru. Nanunua miti kwenye mashamba ya Wazungu upande wa Njoro, napasua hapa uani kwangu, kisha napeleka kwa mkokoteni wa punda mahotelini na kwenye nyumba za wakubwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, maana hata kampuni za bima zina makarani wanaosoma gazeti hili.

Bima yenyewe sikuitafuta. Mhindi mmoja mwenye tanuri la mikate, mnunuzi wangu mkubwa, alisema hatachukua tena kuni zangu mpaka niwe nayo, ili gogo langu likimuumiza mtu, kampuni imlipe mtu huyo au watu wake. Nikakubali. Majirani walinicheka. "Huyu ananunua ajali kabla haijafika," walisema, na aliyecheka kuliko wote alikuwa rafiki yangu Zakayo, fundi wa reli. Zakayo ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu kutoka kwetu bila hata blanketi. Nililala jikoni kwake na kula chakula cha mke wake mpaka nikajua kujitegemea. Ndugu wa tumbo moja hawakunifanyia hivyo.

Msimu huu wa mvua alikuja jioni moja baada ya kazi kuchukua kuni za nyumbani, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nawafungua punda. Ardhi ilikuwa imelowa, vigingi vilivyozuia rundo la magogo vikalegea, na rundo lote likashuka. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikaona kofia yake tu. Tulimtoa, mimi na wapita njia, lakini alikuwa amekwisha. Vigingi vile nilivipiga mimi, kwa mkono wangu, na najua havikuingia chini vya kutosha. Nalia ninapoandika haya wala sioni aibu.

Kwetu mtu akifa kwa kitu chako, hata kama hukutaka, unakwenda kwa watu wake pamoja na wazee wako. Unasema kwa kinywa chako kwamba ni wewe, unalia nao, na unawapa ng'ombe. Ng'ombe si malipo, maana nani anaweza kulipa mtu? Ni kuonyesha kwamba hukuua kwa moyo. Asiyekwenda huhesabiwa mwuaji, yeye na nyumba yake.

Asubuhi yake wazee walikuwa wamekwisha fika kwangu na ng'ombe amepatikana. Kabla hatujatoka akaja bwana wa bima, Mzungu, amepashwa habari na yule Mhindi. Akauliza tunakwenda wapi. Nikamweleza.

"Hapana kwenda!" akasema. "Wewe nasema makosa yako, wewe napeleka ng'ombe, basi, kampuni hapana lipa. Bibi yake hapana pata kitu. Kampuni nataka kuuliza watu kwanza, hata bibi yake."

"Hata pole, bwana?"

"Hata pole. Nyamaza kabisa."

Wasomaji, Zakayo ameacha watoto watano, na nyumba waliyokaa ni ya reli, kwa hiyo lazima watoke. Hata nikiuza punda na mkokoteni, watoto wale hawatafika mbali. Hiyo bima ndiyo shamba lao na shule yao. Basi nikawarudisha wazee. Mmoja akaniambia, "Kijana, usituite tena." Siku ya maziko nilisimama nje ya ua wa kanisa kama mwizi. Mke wangu aliingia, na hakuna aliyemsogezea nafasi akae. Aliporudi alisema, "Mweleze mama yule kwa siri." Lakini mtu wa kampuni atakuja kumhoji mjane mwenyewe, na yule mama namjua, hawezi kusema uongo hata kwa faida yake. Nikimweleza, nitakuwa nimemnyang'anya.

Juma lililopita alikuja mwenyewe uani kwangu, amevaa nguo nyeusi. Hakutaka kukaa.

"Shemeji," akasema, "nimekuja mimi kwa sababu wewe huwezi kuja. Mume wangu alikulaza kwangu, mimi nilikupikia. Sitaki ng'ombe. Nataka neno moja tu kutoka kwako, nijue kwamba unajua amekufa."

Nilifungua mdomo. Nikawaza wale watoto, nikasema, "Shemeji, mvua ilikuwa nyingi."

Hilo ndilo lililotoka. Mvua! Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Watu wanasema kuna pesa itakuja. Ikija, mpe mke wako. Mimi sishiki pesa ya mtu ambaye hajanililia mume wangu." Akaenda zake, na mimi nikabaki pale nimeshika shoka, sina la kufanya nalo.

Mtu wa kampuni bado hajaja kumhoji. Mwisho wa mwezi huu mama huyo anarudi na watoto kwa wazazi wa mumewe, na akishakwenda huko sidhani kama tutaonana tena. Nikienda leo kumwambia ukweli, watoto wa rafiki yangu watakosa kila kitu. Nikinyamaza, pesa huenda zikaja na mama yao akazikataa, nami nitakuwa nimenyamaza bure. Gazeti hili hutufikia Ijumaa, na nitalisoma lote. Enyi mlio na hekima kunishinda, niende nikalie, au niendelee kuitwa mwuaji?