Siku Niliyosimamisha Harusi ya Watu Kando ya Kivu

Naomba msicheke kabla sijamaliza, maana hapa Gisenyi wapo watu hawajui hata jina langu, wananijua tu kama "ule mama wa plage", yaani wa ufukweni mwa ziwa, na nikipita sokoni nikasikia kicheko nyuma yangu nageuka haraka kuona kama ni mimi nachekwa (mara nyingi ni mimi). Basi bora niwaeleze kwa mdomo wangu, maana huko saluni wameshaongeza mambo, eti nilimpiga bibi harusi. Sikumpiga mtu. Yaliyobaki ni kweli, na ni aibu tupu.

Mi ni fundi cherehani, na mume wangu wa wakati huo, Hamadi, ni dereva wa minibasi za kwenda Rubona. Mimi ndiye niliyekwenda mahakamani kuomba talaka, tena kwa miguu yangu, hakuna aliyenisukuma, nilikuwa nimechoka na kulala nje kwake na simu zake za kunong'ona. Jaji alituita kwanza kutupatanisha, ikashindikana, ndipo akaamua kwamba kesi ikiendelea mtoto wetu Nuru akae kwangu na siku za wikendi aende kwa baba yake. Lakini Nuru alikuwa ametimiza miaka saba, na wakili wangu alinieleza kuwa mtoto wa chini ya sita kwa kawaida huachwa kwa mama, akishavuka hapo jaji anapima ni wapi atalelewa vizuri, na anaweza kumwita mtoto mwenyewe amsikilize. Talaka niliitaka sana, ila Nuru nilitaka abaki wangu, na kila Jumamosi akiondoka na baba yake nilikuwa nawaonea wivu wote wawili.

Sasa wakili ana haraka zake, na mi naona haya kuuliza jambo mara ya pili, donc maswali yangu nikayapeleka saluni kwa Mama Fidele. Huyu aliwahi kuachika, basi anajiona jaji mstaafu.

"Sikiya, sha," akaniambia huku ananivuta nywele. "Kwanza, simu yake usishike. Kila kitu utasema, ataibeba kwa juge. Na ya pili, mpaka juge akate, na siku za rufaa zipite, na bakufute mu kitabu ya ndoa kule état civil, ule angali bwana yako. Akioa mwingine mbele ya hapo, ni kufungwa prizo."

Hilo la pili, nawaambia ukweli, lilinishuka moyoni kama chai ya maziwa. Angali bwana yangu! Mwanamke niliyekwenda mwenyewe kumkataa mbele ya serikali, nikarudi nyumbani nafurahi kwamba bado ni wangu. Mtu akiwa na wivu akili huenda kutembea.

Wiki ile ile Hamadi akapiga. Simu ikalia juu ya meza ya cherehani, mi naiangalia tu. Akapiga tena, akapiga na jioni. Sikushika, nikajisifu kabisa kwamba sasa nimeshajua sheria.

Jumamosi akaja kumchukua Nuru, nikamtoa mtoto mlangoni bila salamu, nikafunga. Mchana nashona zangu, mara jirani yangu Zaina, anayeuza sambaza, wale dagaa wa Kivu, akapita ametoka ziwani na beseni kichwani.

"Mama Nuru! We iko hapa unashona tu? Hamadi iko kule ku plage, amevaa kostime, ameshikia bibi harusi mwavuli! Na mutoto wako nimemuona, iko na roba nyeupe, anashika velo ya kichwa ya ule mwanamke!"

Ningeweza kumpigia Hamadi simu. Ingekuwa dakika moja, mambo yakaisha. Lakini nilisikia masikio yanachemka, na kilichonichoma zaidi (mtaniona mjinga) ni hiyo roba nyeupe. Nani kamshonea mtoto wangu gauni? Mimi fundi, nimezaa mtoto, halafu mwanamke mwingine anampima kifua na kiuno? Nikatoka kama nilivyo, na utepe wa kupimia shingoni na kandambili za ndani, nikapanda pikipiki, nikamwambia dereva akimbie kuna mtu anafanya kosa la jinai.

Mnajua Jumamosi kule ziwani ilivyo, maharusi wanapanga foleni kwa picha, huyu anapigwa karibu na mnazi, yule anangojea zamu. Niliwaona mara moja. Mvua ndogo inanyunya, Hamadi ndani ya suti ya kijivu (na imemkaa, Mungu anisamehe, nikazidi kukasirika), amesimama na binti mzuri mrefu aliyevaa shela, amemfunika na mwavuli, na Nuru yuko nyuma yao anacheka. Anacheka! Kwangu wiki nzima alikuwa amenuna.

Nyuma yao walikuwa wazee wa upande wa binti, watu wa Mudende, wafugaji, na kofia zao na fimbo zao. Mi nikawaendea hao hao.

"Wazee, simamisheni!" nikapiga kelele. "Huyu mwanaume ni mume wangu! Mahakama bado haijakata! Hata ikikata kuna rufaa! Mukimuoza leo, kesho mutakuwa mu gereza na yeye!"

Yoo! Mzee mmoja akaangusha fimbo. Shangazi wa binti akashika kichwa, akaanza kulia kwa Kinyarwanda kwamba ng'ombe walishapokelewa, ng'ombe watarudi vipi? Mjomba mwingine akasema hakuna kupiga picha tena, wote wapande magari warudi Mudende. Bibi harusi akaniangalia, akaangalia watu wake, machozi yakaanza kuteremka na rangi za uso. Hamadi amefungua mdomo na mwavuli bado uko juu. Wale maharusi wengine wakaacha picha zao wakaja kutuzunguka, simu juu, wananipiga video.

Ndipo akatoka kijana nyuma ya gari, ana kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amekivua kutoa mchanga. Suti yake ya kijivu pia, na ua kifuani. Ni dereva mwenzake Hamadi, kijana aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili cha taratibu.

"Samahani, dada yangu," akaniambia kwa upole mpaka nikatamani anitukane. "Bwana harusi ni mimi. Hamadi ni msimamizi wangu. Tulimwomba Nuru atushikie shela. Hamadi alikupigia simu kukuomba ruhusa, hukupokea."

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi akaenda zake. Mi nikaona watu wote wananitazama, nikatafuta cha kuokoa uso, nikamshika Nuru. "Hata kama! Huyu tunaenda nyumbani!" Akajivuta kwa baba yake, mi nikavuta kwangu, na lile gauni (limeshonwa mbio mbio, uzi mwembamba, na hata nikiwa katika aibu ile niliona) likachanika kuanzia kiuno hadi chini. Mtoto akabaki na nguo ya ndani mbele ya harusi nzima. Alificha uso kwenye tumbo la Hamadi, naye akavua koti lake akamfunika, akaniambia polepole, "Mama Nuru, tafazali, enda." Nikaenda. Nililia njiani kote.

Video ilinitangulia nyumbani. Wakili wangu alinipigia mwenyewe, safari hii hakuwa na haraka. "Nani alikuambia usiongee na baba wa mtoto? Jaji anaangalia ni mzazi yupi anamwachia mtoto apendane na mzazi mwenzake. Wewe umefanya nini?" Nilikuwa na hakika mtoto ameshanitoka.

Siku ya kusikilizwa walifunga mlango, maana kesi za talaka hazisikilizwi mbele ya watu, na mi nikashukuru. Jaji, mama mmoja wa makamo, akaniangalia sana juu ya miwani. "Mama, si ni wewe wa plage?" Karani akainamia mafaili, mabega yanatikisika. Nikakubali. Akaniuliza kama kweli bado nataka talaka, maana nilitangaza mbele ya Kivu yote kwamba ni mume wangu. Nikasema nataka, nilikuwa na wivu tu. Hamadi angeweza kunimaliza hapo, lakini alisema tu kwamba mtoto anakula vizuri kwangu na anasoma vizuri. Halafu Nuru akaingizwa peke yake na jaji, sisi tukangoja nje, kila mtu kona yake.

Hukumu ilipotoka, Nuru nilipewa mimi, na wikendi za baba yake kama zamani. Nilimkumbatia mpaka wakili. Usiku namvua viatu nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza alimwambia nini jaji.

"Nimesema nikae kwako," akaniambia. "Lakini siku ya sherehe ya shule aje papa. We usikuje."

Nilisema sawa, nikaenda jikoni nikafungulia maji ili asinisikie. Sherehe ikafika, akaenda baba yake, mi nikabaki nashona.

Mwaka huu sherehe iko karibu tena. Nimemuomba Nuru ruhusa, naye amesema atafikiri. Akikubali, nimeapa, nitakaa kiti cha nyuma kabisa na mdomo nimeufunga, hata nikiona ni mwanamke gani amekaa karibu na Hamadi.