Koti la Mhadhiri Bora

Mwaka jana chuoni kwetu koti lilipewa tuzo ya Mhadhiri Bora. Usicheke, nilikuwepo na makofi nilipiga.

Mwenye koti alikuwa mhadhiri mwandamizi, tulichangia ofisi moja. Jumatatu anafika, anavalisha kiti koti lake, anafungua kitabu mezani, anaweka miwani juu yake, huyoo, kwenye shughuli zake. Hadi Ijumaa.

Mkuu wa idara akichungulia anaona koti, anaridhika. Watu wenye shahada tatu tatu wanadanganywa na koti!

Na vipindi vyake? Nilifundisha mimi, mhadhiri msaidizi wa mkataba, tena mkataba unaokaribia kwisha. Nikilalamika ananiambia, "Binti yangu, nishikie darasa tu. Mkataba wako niachie mimi."

Nikashika. Miaka miwili nikatunga mitihani, nikasahihisha, sauti ikanikauka. Kwenye ratiba jina lake, kwenye fomu za tathmini jina lake. Mjinga ni mimi, nakubali.

Wanafunzi wakampa alama nyingi kuliko mhadhiri yeyote. Akapanda jukwaani, akapokea cheti, akatusimulia jasho lake.

Wiki ileile nikaitwa kwa mkuu wa idara. Mkataba hauongezwi, kwa sababu kwenye kumbukumbu sina kipindi hata kimoja.

Nikamwomba asome walichoandika wanafunzi. Karibu kila fomu ilisema huyu dada anafundisha vizuri. Dada, jamani! Mwenye koti ana ndevu hadi kifuani.

"Maoni hatusomi," akasema. "Tunaangalia wastani."

Nilitamani kulia, nikaona hawastahili. Nikafungasha vitabu vyangu. Koti nikalipeleka kwa dobi, nikaliandikisha kwa jina la mwenyewe.

Siku ya nne katibu muhtasi wa idara akanipigia, anacheka hadi anakohoa. Mkuu amechungulia siku tatu, kiti kitupu, kamwandikia Mhadhiri Bora barua ya utoro. Mtu hakuonekana miaka miwili, kimya. Koti limekosekana siku tatu, idara nzima matumbo joto.

Jioni akapiga mwenye koti mwenyewe. Wala hakuuliza darasa limebaki na nani.

"Binti yangu, koti langu liko wapi?"

"Limekwenda kwenye shughuli zake," nikamwambia, nikakata simu.

Kazi nimeikosa, na imeniuma sana. Ila wewe unayemshikia bosi kazi yake leo, hakikisha kwanza jina lako limeandikwa. Wale hawasomi, wanachungulia tu.